Vijiji na vinu vya upepo vya Uholanzi: nilipie ziara ya kuongozwa au nimpeleke mama mwenyewe?

Swali: Shikamoo. Natokea Pangani, na kwa sasa niko Delft nasomea mambo ya maji. Mama yangu, mwenye miaka 66, atakuja kunitembelea kwa wiki tatu mwezi wa Mei. Siku zote ametamani kuona vinu vya upepo. Nimeona ziara nyingi za siku moja kutoka Amsterdam zinazopita Zaanse Schans, Volendam na Marken, lakini wenzangu darasani wananiambia ni vijiji vya maonyesho, nisitupe hela. Mama magoti yanamsumbua, hajui Kiingereza, na babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, kwa hiyo habari za bahari anazipenda sana. Nilipie ziara au tujipeleke wenyewe? Na chakula kwa sisi Waislamu kikoje huko?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpeleke mama, na kwa safari hii lipia ziara ya kuongozwa.

Kijana mwenye miguu yake ningemwambia apande treni. Kutoka Amsterdam Centraal hadi stesheni ya Zaandijk Zaanse Schans hazifiki dakika 20, halafu ni mwendo wa robo saa kwa miguu na kuvuka daraja la mto Zaan. Volendam na Marken nako mabasi ya abiria ya kawaida yanafika. Lakini ukiyaunganisha hayo yote kwa siku moja, tena mkitokea Delft, ambako mpaka Amsterdam pekee ni kama saa nzima, mama atapanda na kushuka mpaka achoke kabla hajaona bawa la kinu. Basi la ziara linawashusha karibu, linawasubiri, na viti vyenu ni vilevile kutwa. Kwa mtu wa magoti hilo si jambo dogo. Ila ziara zenyewe hazilingani, na nitakueleza namna ya kuchagua.

Kwanza niwajibu wenzako, maana wamesema nusu ya kweli. Zaanse Schans kweli ilipangwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda na majengo mapya yalikuwa yanazimeza nyumba za mbao za bonde la Zaan. Badala ya kuziacha zibomolewe, kuanzia mwaka 1961 nyumba zilianza kubebwa nzimanzima, nyingine juu ya malori, nyingine majini, zikapangwa upya kando ya mto pamoja na vinu. Malkia Juliana alipazindua mwaka 1972. Kwa hiyo hutaona kijiji kilichokaa mahali pake tangu enzi. Lakini mbao ni zilezile, vinu vinafanya kazi, na ndani ya nyumba zile za kijani wanaishi watu na watoto wao. Mwambie mama mapema kwamba mlango uliofungwa ni wa mtu na dirisha lenye maua ni la mtu. Wageni wengi hukaza macho vioo vya watu bila hodi, na wenyeji wameshachoka nao.

Halafu kuna jambo ambalo wanaosema "maonyesho" hawalijui: lile bonde lilikuwa eneo la viwanda, na vinu ndivyo vilikuwa mitambo yake. Katika karne ya 18 vilisimama hapo vinu zaidi ya 600 vikipasua mbao, vikikamua mafuta, vikisaga rangi, vikikoboa nafaka, vikitengeneza karatasi. Mzizi wake ni mkulima mmoja wa Uitgeest, Cornelis Corneliszoon, ambaye miaka ya 1590 alifunga shafti ya kombo kwenye kinu cha upepo, mzunguko wa mabawa ukageuka kuwa mwendo wa juu na chini wa misumeno. Mafundi wa kupasua mbao wa Amsterdam waliikataa mashine hiyo kwa kuogopa kazi zao, watu wa Zaan wakaikumbatia. Mbao zikawa nyingi na rahisi, meli zikawa nyingi na rahisi. Mwaka 1602 ikaanzishwa VOC, kampuni ya biashara ya Waholanzi iliyokwenda hadi visiwa vya Maluku na kuishika biashara ya karafuu, ikang'oa mikarafuu ya visiwa vingine ili zao libaki Ambon na jirani zake tu. Wafaransa ndio waliokuja kutorosha miche katika karne ya 18 hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja. Mama akisimama mbele ya kinu cha kupasua mbao, mwambie hayo. Karafuu anayotia kwenye pilau imepita kwenye hadithi ya msumeno ule.

Sasa ingieni ndani ya kinu. Hapa ndipo ninapokazia, kwa sababu wageni wengi huishia kupiga picha kwa nje, wanarudi nyumbani bila kujua kinu ni nini. Vinu vipo vingi na kila kimoja kina kiingilio chake. Mkichagua kimoja tu, chagueni De Kat, kinu cha rangi. Mlangoni utakutana na vumbi jepesi na harufu ya mafuta ya kitani. Chini kabisa, bila kupanda ngazi yoyote, yapo mawe mawili makubwa yaliyosimama wima kama magurudumu ya mkokoteni, yanafuatana kuzunguka juu ya sahani ya jiwe, yanasaga chaki au udongo wa rangi. Upepo ukiwa mzuri sakafu yote inatetemeka, na utauhisi mtetemo huo kwenye nyayo kabla hujausikia masikioni. Juu ya kichwa chako gurudumu la meno ya mbao linashika gurudumu jingine la meno ya mbao, nayo hupakwa nta ya nyuki yasilike. Mama aishie hapo chini, kiini cha kazi atakuwa amekiona. Wewe panda kwenye roshani, ila ngazi zake ni kama za dari: shika kamba, na ukishuka shuka kinyumenyume.

Kule juu ndiko utakakoona kwa nini mtoto wa mvuvi atakielewa kinu haraka kuliko watalii wengi. Mabawa ni fremu za mbao tupu, na kinachoshika upepo ni kitambaa ambacho Waholanzi wanakiita kwa neno lilelile la tanga la chombo. Msagaji hutandika tanga asubuhi kwa kupanda bawa mojamoja, upepo ukizidi hulikunja nusu, ukizidi tena huliondoa lote. Kichwa cha kinu hugeuzwa kuelekea upepo unakotoka, na pale Zaan kazi hiyo hufanywa kutoka roshani kwa gurudumu linalofanana na usukani. Kutwa anatazama mawingu. Akichelewa kuisoma dhoruba, breki ya mbao inaweza kushindwa kuzuia mabawa, na msuguano wake huwasha moto. Huyo ni nahodha aliyekaa nchi kavu. Ufundi huu wa wasagaji uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na wengi wanaoufanya leo ni watu wa kujitolea waliosoma na kufanya mtihani.

Mfundishe mama pia kuusoma mkao wa mabawa yaliyosimamishwa. Bawa la juu likisimamishwa kabla halijafika kileleni, hiyo ni ishara ya furaha, pengine arusi au mtoto kuzaliwa. Likisimamishwa likiwa limekipita kilele kidogo, ni msiba. Mwezi Julai 2014, baada ya ndege ya MH17 kuangushwa Ukraine na kuua watu 298, wengi wao Waholanzi, vinu vya nchi hii vilisimamishwa mkao wa msiba.

Volendam nitaipita haraka. Ni mji wa wavuvi kweli, wakatoliki wa siku nyingi, maarufu kwa kofia ya kimia yenye ncha kama mabawa. Tangu Hoteli Spaander ifunguliwe mwaka 1881, wachoraji walikuja hapo, na wengine walilipa kwa picha zilizotundikwa ukutani hadi leo. Lakini barabara ya juu ya tuta sasa imejaa maduka mtindo mmoja. Kama mama anapenda, pigeni picha ya studio mmevaa mavazi ya kienyeji. Wazee hufurahi sana, na picha yake sebuleni Pangani itaelezewa kila mgeni. Kuleni samaki, tembeeni mpaka bandarini, halafu pandeni boti.

Boti hiyo ya Volendam hadi Marken, mwendo wa kama nusu saa, ndiyo itakayonifanya nichague ziara hii nikaiacha ile. Basi linaweza kuwazungusha kwa barabara, lakini Marken inatakiwa kufikiwa kwa maji, kama ilivyofikiwa kwa karne nyingi. Ilikuwa kisiwa mpaka mwaka 1957. Maji mtakayovuka leo ni baridi, ukiyaonja hayana chumvi, ila miaka mia iliyopita yalikuwa ghuba ya bahari iitwayo Zuiderzee, yenye chumvi, heringi na dagaa wake. Watu wa Marken walijenga nyumba juu ya vilima walivyovirundika wenyewe. Vilima vilipojaa, nyumba mpya zikajengwa juu ya nguzo, ili dhoruba ikija maji yapite chini yake. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Januari 1916 maji hayakupita chini. Matuta yalivunjika kuizunguka Zuiderzee, na pale Marken pekee walikufa watu 16.

Baada ya hapo serikali ikaukubali mpango wa mhandisi Cornelis Lely wa kuiziba ghuba hiyo kwa tuta, ambao wewe bila shaka umeshausoma darasani. Sheria ikapita mwaka 1918, na tarehe 28 Mei 1932 tundu la mwisho la Afsluitdijk, tuta la kilomita 32, likazibwa. Nchi ikapona mafuriko yale. Lakini bahari ikawa ziwa. Chumvi ikapungua, heringi akatoweka na dagaa akatoweka, wakabaki akina mkunga. Wanaume waliozaliwa kwenye uvuvi wakaenda kutafuta vibarua bara. Ukitembea vichochoro vya Marken utaona nyumba zilizozibwa chini, pale ambapo zamani palikuwa nguzo tupu, kwa sababu maji hayakuja tena. Kwa mtu anayejua kusoma, kila ubao uliozibia pale chini unaeleza mwaka bahari ilipoondoka.

Mpeleke mama kwenye Marker Museum, jumba dogo la makumbusho lililowekwa ndani ya nyumba sita za zamani za wavuvi. Hazikuwa na bomba la moshi: moto uliwaka katikati, moshi ukapanda kwenye nyavu na kutokea juu ya paa. Vitanda vimejengwa ndani ya ukuta kama kabati, na mtu mzima alilala amejikunja. Nimewapeleka humo akina mama kadhaa kutoka pwani yetu, na mara zote wamekaa kimya wakiangalia jiko, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo mwongozaji hayatarajii. Maji ya kunywa walichota wapi? Mume asiporudi, mjane alikula nini? Acha mama aulize. Wewe tafsiri.

Suala la lugha ndilo linaloamua ziara ipi. Waongozaji wengine wanatumia Kiingereza na Kihispania kwa zamu ndani ya basi moja, na maelezo yanakatika nusunusu. Ziara nyingine hutumia vifaa vya masikioni vyenye sauti iliyorekodiwa, ambavyo kwenu havina faida, maana Kiswahili mara nyingi hakimo na huwezi kutafsiri huku umeziba masikio. Tafuta kundi dogo, gari la watu wanane au hata ishirini, lenye mwongozaji anayezungumza lugha moja. Kaeni mbele. Mwambie mapema kwamba utakuwa ukimtafsiria mama. Mwongozaji anayeijua kazi yake atapunguza kasi bila kuombwa mara ya pili.

Na kabla hujalipa, waandikie uwaulize mtakaa dakika ngapi Zaanse Schans na dakika ngapi dukani. Mimi niliwahi kupanda basi moja ambalo kwenye vinu tulipewa dakika 35, kwenye duka la jibini tukakaa saa nzima kasoro, kwa sababu duka ndilo linalomlipa mwenye basi. Sikuingia kinu hata kimoja. Chini ya saa moja na nusu kwenye vinu, usikubali. Uliza kama boti ya Marken imo kwenye bei, na kama kiingilio cha kinu kimo. Manispaa ya Zaanstad pia iliwahi kutangaza mpango wa kutoza kiingilio cha eneo zima ili kupunguza msongamano, kwa hiyo uliza na hilo. Ziara inayofika vinuni mapema, kabla ya saa nne asubuhi, ina thamani kubwa kuliko ya bei nafuu inayofika saa tano, kwa sababu mabasi humiminika kuanzia saa nne hadi saa nane mchana na vijia vyake ni vyembamba. Ukiona ziara inaahidi vijiji hivi, bustani ya maua ya Keukenhof na kijiji cha mifereji cha Giethoorn kwa siku moja, iache. Mama ataona dirisha la basi.

Bahati yenu ni kwamba anakuja Mei. Wikiendi ya pili ya mwezi huo ni siku za kitaifa za vinu, ambapo mamia ya vinu nchini huzungushwa na kufunguliwa kwa watu. Utavitambua vilivyo wazi kwa kibendera cha buluu. Kama safari yenu ya Zaan itaangukia siku nyingine, basi Jumamosi hiyo mpeleke kwenye kinu chochote cha jirani na Delft. Kijijini msagaji ana muda, na mgeni aliyetoka mbali hupokelewa vizuri.

Kuhusu chakula msiwe na hofu, ila kuweni macho. Samaki yupo kila mahali: kibbeling, vipande vya samaki vilivyokaangwa kwa ngano, mama atavipenda akivipata vya moto. Heringi wa chumvi anayeliwa bila kupikwa si kila mtu anamuweza. Kwenye maduka ya chapati zao, neno la kuliogopa ni "spek", ndiyo nyama ya nguruwe. Jibini lina suala lake: nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na kama mna wasiwasi nalo ulizeni yenye "vegetarisch stremsel", yaani kimeng'enya kisichotokana na mnyama. Wakiwa nayo, waombeni wawaonjeshe nagelkaas, jibini ya Friesland yenye karafuu, na ile yenye bizari nyembamba. Swala haitawabana. Mwezi huo adhuhuri huingia yapata saa saba na dakika arobaini mchana, na alasiri haiingii mpaka saa kumi na mbili jioni ikikaribia, kwa hiyo mna nafasi ya kutosha mkitoka Marken. Chukueni udhu kabla ya kutoka nyumbani, maana vyoo vingi vya huko hulipiwa na ni vidogo. Bebeni koti la upepo hata jua likiwaka. Upepo unaozungusha vinu haumwachi mtu.

Kinderdijk sijaisahau. Iko upande wenu, na kutoka Rotterdam mnaweza kwenda kwa boti ya abiria ya Waterbus. Vinu vyake 19, vingi vilivyojengwa kati ya 1738 na 1740, vilikuwa vya kuvuta maji kutoka mashambani kuyapandisha mtoni, na UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997. Kwa masomo yako ni lazima uende. Lakini njia yake ni ndefu kwa mama, na maelezo yake ni ya mhandisi. Nenda na wenzako wa darasani, wale wale wanaosema maonyesho, siku mama akipumzika.

Hukuuliza habari za viatu vya mbao, ila najua mama atauliza. Karakana ya Zaanse Schans huonyesha namna vinavyochongwa kwa mashine inayofuata umbo la mfano, kama mashine ya kuchonga funguo. Gogo la popla huchongwa likiwa bichi. Fundi hupuliza kwa nguvu ndani ya kiatu kipya na matone ya maji yanachuruzika kwenye ubao upande wa pili. Mama atasema hii ni mitawanda tu, na hatakuwa amekosea sana, isipokuwa hivi hufunika mguu mzima kwa ajili ya tope na baridi. Akitaka kununua vya kuvaa kweli, ajaribu akiwa na soksi nene, na nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya kuingia kidole kimoja. Vikimbana dukani, havitakuja kulegea kamwe.